Punda wa Dobi na Safari ya Moyo wa Kima

Ngano, yaani hadithi za kubuni zinazopokezanwa kwa mdomo kutoka kizazi hadi kizazi, mara nyingi huhesabiwa kuwa mali ya kabila au taifa linalozisimulia, na jalada la kitabu lenye maneno kama "ngano za Waswahili" au "ngano za Wakorea" humfanya msomaji aamini kwamba yote yaliyomo yalizaliwa katika nchi hiyo hiyo. Zipo ngano zinazostahili imani hiyo, lakini zipo nyingine ambazo zimepita kwa watu wengi mno hata swali la mwenyewe ni nani likakosa jibu moja, na miongoni mwa hizo ni chache ambazo nyayo zake zinafuatika vizuri kama kisa cha kima aliyedai kwamba ameuacha moyo wake nyumbani. Kisa hicho kimeandikwa kwa Kisanskriti, Kipali, Kiarabu, Kichina, Kikorea, Kijapani na Kiswahili, na kila kilipofika kilivuliwa baadhi ya mavazi yake kikavishwa mengine.

Maandishi ya Kiswahili ya kisa hiki yanayojulikana zaidi yamo katika Swahili Tales, kitabu kilichotolewa London mwaka 1870 na Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja mwaka 1864 na ambaye kuanzia mwaka 1874 hadi alipofariki mwaka 1882 alikuwa askofu huko. Steere alizipata hadithi zake kwa wenyeji wa Unguja, akazichapa kwa Kiswahili upande mmoja na kwa Kiingereza upande wa pili, kwa kuwa pamoja na mengine alitaka wageni wajifunze lugha kama inavyosemwa na wenyewe. Hadithi inayohusika hapa ina jina la punda wa dobi, ingawa punda mwenyewe hatokei mpaka sehemu kubwa ya kisa iwe imekwisha, na jambo hilo, ambalo kwa msomaji wa haraka laweza kuonekana kasoro ya utungaji, ndilo litakalotoa ushahidi mkubwa kuhusu asili yake.

Kisa chenyewe kinaanza na urafiki. Kima huishi juu ya mkuyu mkubwa ulioota ufukoni, nusu ya matawi yake ikielekea bara na nusu ikiinamia maji, na kila siku anapokula makuyu humtupia papa aliye chini, ambaye hupokea na kushukuru. Baada ya muda mrefu papa anamwambia rafiki yake kwamba amechoka kupokea bila kurudisha, hivyo anamwomba amfuate nyumbani ili naye amkirimu. Na kima anapolalamika kwamba wanyama wa nchi kavu hawajui kuogelea, papa anajitolea kumbeba mgongoni. Wakiwa katikati ya bahari papa anafichua ukweli: sultani wao ni mgonjwa mahututi, na dawa iliyotajwa ni moyo wa kima. Kima, ambaye anajua kwamba maisha yake yamekwisha asipopata la kusema, anamlaumu papa kwa kutomwambia mapema, kisha anaeleza kwa utulivu kwamba kima hawatembei na mioyo yao bali huiacha mitini wanapotoka, kwa hiyo safari hiyo ni ya bure isipokuwa warudi kuuchukua. Papa anageuza njia, kima anarukia mkuyu, na anapoitwa ashuke anauliza kama anadhaniwa kuwa punda wa dobi. Papa hamjui punda huyo, na ndipo kima anapomsimulia.

Punda wa dobi alitoroka, akaingia mwituni, akala akanenepa. Sungura alipomwona alikwenda kwa simba, ambaye alikuwa amekonda kwa maradhi, akamwahidi nyama. Kisha akarudi kwa punda na habari kwamba ametumwa kuleta posa, na mposaji ni simba. Punda akafurahi, akaenda, akarukiwa, lakini kwa kuwa simba hakuwa na nguvu aliweza kumpiga mateke na kukimbia. Siku nyingine, simba akiwa amepata nafuu, sungura alikwenda tena na maneno yale yale na punda akaja tena, na safari hiyo hakutoka. Simba aliagiza nyama ichomwe, akasema yeye anataka moyo na masikio tu. Sungura akavila kwa siri, na alipoulizwa akajibu kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, maana kama angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Msikilizaji wa pwani aliyekwisha kuambiwa na wazee wake kwamba sikio la kufa halisikii dawa hakuhitaji kuelezwa zaidi, wala papa hakuhitaji.

Utungaji wa namna hii, ambamo mhusika wa hadithi husimulia hadithi nyingine ili kujitetea, kushauri au kuonya, huitwa hadithi ndani ya hadithi, nao ulikomaa sana katika fasihi ya India. Kitabu kinachojulikana kuliko vyote katika fani hiyo ni Panchatantra, kilichotungwa kwa Kisanskriti yapata karne ya 3 baada ya Kristo au hapo karibu, na ambacho kwa mapokeo hunasibishwa na mwalimu aitwaye Vishnu Sharma, aliyepewa kazi ya kuwafundisha wana wa mfalme waliokuwa wagumu wa kuelewa. Sehemu yake ya nne, inayohusu hasara ya kupoteza kitu ambacho mtu amekwisha kukipata, imejengwa juu ya kima na mnyama wa majini aliye jamii ya mamba, na mti unaowaunganisha si mkuyu bali ni mzambarau. Tofauti kubwa zaidi iko katika chanzo cha khiana. Hakuna sultani mgonjwa. Kuna mke wa mamba, ambaye kwa kuletewa matunda matamu kila siku anaona wivu juu ya urafiki usiokwisha, anakisia kwamba moyo wa mnyama anayeishi kwa matunda hayo lazima uwe mtamu kuliko matunda yenyewe, na anaapa kufa asipoupata.

India ileile ina tawi jingine la kisa hiki, lililomo katika Jataka, yaani mkusanyiko wa visa zaidi ya 500 vya maisha ya Buddha kabla hajazaliwa kama Buddha, uliohifadhiwa kwa Kipali. Humo kima ndiye Buddha mwenyewe katika umbo la zamani, naye anaishi kando ya mto Ganges. Urafiki haupo kabisa: mamba anamfuata kima akiwa adui tangu mwanzo, kwa sababu mkewe ametamani moyo wake, na anamdanganya kwa ahadi ya matunda ya ng'ambo. Kima anapobanwa anauonyesha mkuyu ulioko mbali akisema kwamba mioyo inaning'inia pale. Punda hayumo. Tofauti hii ni ndogo kwa anayesoma kwa burudani lakini ni kubwa kwa anayefuata nyayo, kwa maana matawi mawili ya kisa yalipotoka India kwenda pande mbili za dunia, moja lilikwenda na punda na jingine likaenda bila yeye.

Tawi lenye punda lilikwenda magharibi. Katika karne ya 6 tabibu wa Kiajemi aitwaye Burzoy, aliyekuwa katika baraza la mfalme Khosrow Anushirvan aliyetawala kuanzia mwaka 531 hadi 579, alizitafsiri hadithi za India kwa Kipahlavi, lugha ya Uajemi ya zama zile. Tafsiri hiyo imepotea, lakini kabla haijapotea iligeuzwa kuwa Kiarabu karibu na mwaka 750 na Ibn al-Muqaffa, katibu mwenye asili ya Kiajemi aliyeuawa miaka michache baadaye, na kitabu chake, Kalila na Dimna, kilichopewa jina la mbweha wawili waliomo ndani yake, kikawa miongoni mwa vitabu vya nathari vilivyopendwa zaidi katika Kiarabu. Humo kima ni mfalme mzee aliyepinduliwa na kijana, rafiki yake ni kasa, mti wao ni mtini, na mke wa kasa anajifanya mgonjwa kwa shauri la jirani yake. Mwishoni kima anakataa kushuka kwa kusema kwamba yeye si kama yule punda aliyesemekana hana moyo wala masikio, na kisa cha punda kinafuata, pamoja na mwenyewe anayefua nguo za watu.

Ulinganisho huu unatosha kuonyesha kwamba kisa cha Unguja ni cha ukoo wa Panchatantra na Kalila na Dimna, si cha ukoo wa Jataka, kwa kuwa mambo mawili yanayolingana kwa bahati yanawezekana, lakini vigumu kuamini kwamba wasimulizi wawili wasiojuana wangetunga kila mmoja kivyake kima mwenye moyo wa kuacha mtini, kisha wamtie kinywani kisa kile kile cha punda asiye na moyo wala masikio, na punda huyo awe wa mfua nguo katika nchi zote. Punda ni muhuri wa forodha uliogongwa kwenye shehena. Kama shehena hiyo iliteremshwa na Mwarabu aliyeisoma kitabuni, au na baharia wa Gujarati au Kutch aliyeisikia kwa bibi yake, hilo ni swali jingine, na huenda jibu ni kwamba iliteremshwa zaidi ya mara moja. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalilazimika kungoja miezi kadhaa mpaka kusi ivume ndipo yarudi Arabuni na India, na katika miezi hiyo Unguja, Mombasa na Lamu zilijaa watu wasio na haraka.

Yaliyobadilika njiani yana maelezo mengi kuliko yaliyobaki. Mamba wa India na kasa wa Kiarabu wametoweka, na nafasi yao imeshikwa na papa, samaki ambaye mtu wa pwani alimjua kwa meno yake na kwa ng'onda wake sokoni, hivyo kwamba urafiki wa papa na kima una hatari ndani yake tangu sentensi ya kwanza, hatari ambayo kasa, mnyama mpole, hawezi kuileta. Mbweha, aliyemdanganya punda katika matoleo hayo, naye ametoka akaingia sungura. Badiliko hili lilikuwa karibu haliepukiki, kwa sababu mbweha ndiye mjanja wa hadithi za India, ilhali katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki na ya Kati kazi ya ujanja ni ya sungura, mdogo anayewashinda wakubwa, na hadhira iliyozoea kumwona akiwapumbaza simba na fisi isingekubali sifa ya kula moyo na masikio ya punda apewe mwingine. Hata chambo cha punda kimebadilika: katika matoleo ya India na ya Kiarabu anavutwa kwa ahadi ya punda majike wanaomngoja, lakini Unguja anavutwa kwa posa, yaani kwa jambo la heshima lenye mshenga, na upumbavu wake kwa hiyo si wa tamaa ya mwili pekee bali ni wa kiumbe aliyesahaulika mwituni na anayetaka sana kuhesabiwa.

Badiliko zito zaidi ni kuondolewa kwa mke. Kwa Panchatantra, mwanamke ndiye mwanzo wa uovu, na kitabu hicho, lazima isemwe, hakiwaonei wanawake haya kinapowasema vibaya. Katika kisa cha Unguja mke hayupo. Anayehitaji moyo ni sultani, naye hajatenda kosa lolote ila kuugua, na mzigo wote wa khiana unamwangukia papa, ambaye amebanwa kati ya rafiki na mtawala. Ingekuwa haraka kudai kwamba msimulizi wa Unguja aliyekuwa akiishi chini ya masultani wa ukoo wa Busaid alikusudia kusema neno juu ya serikali yake, kwa sababu kilichochapwa ni usimulizi wa mtu mmoja, na huenda jirani yake alisimulia vingine. Hata hivyo, kisa kilichokuwa cha nyumbani kimegeuka kuwa cha utumishi, na wasikilizaji waliojua maana ya kuagizwa na mkubwa walikuwa na sababu ya kumtazama papa kwa jicho tofauti na lile ambalo Mhindi alimtazama mamba anayemwogopa mkewe.

Wataalamu wa Ulaya walipoanza kuichunguza mifanano hii walivutwa kwanza na swali la chimbuko. Theodor Benfey, mwanazuoni wa Kijerumani aliyetoa tafsiri ya Panchatantra mwaka 1859 pamoja na utangulizi mrefu kuhusu safari za hadithi zake, alishikilia kwamba ngano nyingi za Ulaya zilitoka India, fikra iliyokuwa na ukweli ndani yake lakini iliyonyooshwa kupita kiasi na wafuasi wake. Mwaka 1910 Mfini Antti Aarne alitoa orodha ya aina za ngano, kila aina ikiwa na namba, ambayo ilipanuliwa na Mmarekani Stith Thompson mwaka 1928 na tena mwaka 1961, kisha ikarekebishwa na Mjerumani Hans-Jörg Uther mwaka 2004. Katika orodha hiyo moyo wa kima ni namba 91, na punda asiye na moyo ni namba 52. Namba hizo zina manufaa kwa mtafiti anayetafuta hadithi katika maktaba, lakini zimetenganisha vitu ambavyo msimulizi wa Unguja, kama Ibn al-Muqaffa kabla yake, aliviona kuwa kitu kimoja, kwa kuwa bila kisa cha punda jibu la kima kwa papa ni dhihaka tupu, na bila papa anayesikiliza kisa cha punda hakina wa kumfaa. Mwenye msaada zaidi hapa ni Msweden Carl Wilhelm von Sydow, aliyezilinganisha ngano na mimea inayojirekebisha kulingana na udongo na hali ya hewa, na aliyeliita umbo la ngano lililokwisha kuzoea jamii fulani ekotipo. Papa, sungura na posa ni alama za ekotipo ya pwani.

Toleo hilo la pwani nalo halikukaa pwani. Mwaka 1901 George W. Bateman alilichapisha Chicago katika kitabu chake cha hadithi za Unguja, na mwaka 1910 Andrew Lang alikiingiza kisa cha moyo wa kima, kwa kutaja kitabu cha Steere, katika mmojawapo wa mikusanyiko yake ya rangi rangi iliyosomwa na watoto wengi wa Uingereza, mikusanyiko ambayo sehemu kubwa ya kazi yake ya kutafsiri na kuandika upya ilifanywa na mkewe, Leonora. Watoto hao walikipokea kama kisa cha Waswahili, na kwa kipimo cha von Sydow hawakukosea.

Tawi lisilo na punda lilikwenda mashariki pamoja na dini ya Buddha. Katika karne ya 3 mtawa Kang Senghui alilitia katika Kichina, na kima akatakiwa ini badala ya moyo. Japani lilizaa kisa kinachopendwa na watoto cha kiwavi wa baharini, yule mnyama wa utelezi anayewasha, aliyepoteza mifupa yake kwa kipigo kwa sababu ya kushindwa kumleta kima kwa mfalme wa bahari. Lakini ni Korea ndiko lilikopata maisha ya ajabu kuliko kwingine kote.

Samguk Sagi, historia ya falme tatu za Korea iliyokamilishwa na Kim Busik mwaka 1145, inaeleza kwamba mwaka 642 Kim Chunchu, mwana wa ukoo wa kifalme wa Silla, alikwenda Goguryeo kuomba msaada wa vita, akazuiliwa kwa sababu alikataa kurudisha ardhi iliyodaiwa na mfalme wa huko. Afisa mmoja aliyekuwa amepewa zawadi na mfungwa huyo alimtembelea, wakanywa, na katikati ya mazungumzo akamsimulia habari za binti wa mfalme wa bahari aliyeugua, kasa aliyetumwa kutafuta ini la sungura, na sungura aliyesema kwamba alikuwa amelitoa ini lake, akaliosha na kuliacha chini ya jiwe. Kim Chunchu alielewa. Aliahidi kwamba akirudi kwao ataomba ardhi irudishwe, akaachiliwa, na alipofika mpakani akasema kwamba ahadi ile ilikuwa ya kuokoa maisha tu. Miaka 12 baadaye akawa mfalme wa Silla. Ni nadra kwa ngano kuonekana katika kumbukumbu za historia ikifanya kazi ile ile inayofanywa ndani yake, yaani kumtoa mtu mikononi mwa wenye nguvu kwa maneno.

Kisa hicho kilikua kikawa Sugungga, mojawapo ya tungo tano zilizosalia za pansori, sanaa ya usimulizi kwa kuimba ambayo iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2003 miongoni mwa tunu za urithi wa binadamu. Katika pansori mwimbaji mmoja husimama na upepeo mkononi, akasimulia na kuimba kwa saa kadhaa akisaidiwa na mpiga ngoma mmoja, huku mpiga ngoma na hadhira wakimwitikia kwa sauti za kumtia moyo, na msomaji aliyekulia panapoitwa "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!" hatashangaa kusikia kwamba mwimbaji asiyeitikiwa huhesabiwa kuwa hajafika. Mfalme wa bahari katika Sugungga ameugua baada ya karamu, mawaziri wake wa samaki wanabishana wala hakuna anayejitolea, na kasa, mtumishi mwaminifu, anapanda nchi kavu na picha ya sungura kwa kuwa hajawahi kumwona. Wakorea wa enzi ya ufalme wa Joseon walioisikiliza walijua kwamba mawaziri wanaochekwa si samaki.

Hapo ndipo utungo unapoongeza tukio ambalo haliko India, Arabuni wala Unguja. Kasa, akiwa amechoka kwa kupanda na taya zake zimekakamaa, anamwita Bwana Sungura kwa heshima, lakini ulimi unateleza na jina linalotoka ni la chui milia, ambaye hajawahi kuitwa bwana na mtu yeyote na anashuka mlimani kwa furaha. Mwaka 2020 bendi ya LEENALCHI ya Seoul ilitoa albamu iitwayo Sugungga, ikichanganya uimbaji wa pansori na gitaa za besi na ngoma za kisasa, na wimbo wake kuhusu chui milia anayeshuka, ulipotumiwa pamoja na wachezaji wa kundi la Ambiguous Dance Company katika video za shirika la utalii la Korea, ulitazamwa na mamilioni ya watu duniani, wengi wao wakiwa hawajui kwamba mnyama wanayemchezea aliitwa kwa makosa.